Mtoto asiyevumilia kelele, mshono wala maji kichwani: maswali ambayo wazazi waamini huniuliza

Mimi ni fundi cherehani Moshi mjini, msharika wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, tangu kubatizwa. Nina watoto watatu. Wa kati, mvulana, ana miaka tisa sasa na ana tatizo la hisi, na ndiye aliyenifanya niwe mtu wa kuulizwa maswali. Wananiuliza dukani wakiwa wameleta kitambaa, wananiuliza jumuiya ikiisha, wengine wananivuta pembeni hata msibani. Nimeona niyaandike mara moja. Si daktari wala mchungaji. Ya hospitali nimeyapata kwa wataalamu waliomhudumia mwanangu na kwa kusoma baadaye. Ya imani ni yangu, na mwenye kubisha abishe.

Hili tatizo la hisi ni kitu gani hasa?

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Wataalamu wanaongeza mingine. Kuna hisi ya mizani, iliyo ndani kabisa ya sikio, inayokuambia kwamba umeinama au unazunguka. Kuna hisi ya misuli na viungo, inayokuwezesha kupeleka kijiko mdomoni hata umeme ukikatika. Kuna na ya ndani ya mwili: njaa, kiu, haja, moyo kwenda mbio. Ubongo unapokea habari zote hizo kwa mpigo, unapanga ipi ya kusikilizwa na ipi ya kupuuzwa, na wewe unaendelea kukata vitunguu bila kujua kama kuna kazi imefanyika.

Kwa watoto wengine mpangilio huo hauko sawa. Habari inafika kwa nguvu kupita kiasi, au inafika hafifu. Wa kwanza ndiye anayeziba masikio blenda ikiwashwa, anayelia akikatwa kucha, anayetapika kwa harufu ya dagaa. Wa pili anatafuta: anaruka kutoka kwenye kochi, anajigonga ukutani, anazunguka hata wewe unayemtazama ukapata kizunguzungu, anashika sufuria ya moto na hashtuki. Huyu wa pili watu wanamwita mtundu, na ndiye wa kulindwa zaidi karibu na jiko. Tena mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Wangu hawezi sauti, lakini bembea haimtoshi.

Aliyeyaweka mambo haya pamoja kitaalamu ni Jean Ayres wa Marekani, mtaalamu wa saikolojia na wa tiba kazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1972.

Wewe ulijuaje?

Kwa sare. Alipofika miaka minne nilimshonea sare ya chekechea kwa mikono yangu, shati jeupe la tetroni, kola ngumu, mishono yote nimeipiga ovaloki vizuri. Sare ambayo mama mwingine angelipia na kushukuru. Alipovaa alisimama katikati ya chumba, mikono ameitenga na mwili kama mtu aliyemwagiwa tope, akaanza kulia kilio kisicho na hasira. Nilimwambia aache utani. Nilimfunga vifungo vyote. Tulipofika njia panda alikuwa amelivua, amelitupa mtaroni.

Siku ya tatu nilimchapa. Jioni nikamvua nguo nimwogeshe, nikaona mstari mwekundu kwapani na mwingine shingoni, umefuata mshono sawasawa. Hakuna aliyemkwaruza. Alikuwa amejikuna mchana kutwa pale ovaloki inapogusa. Miaka kumi na minne nashona sare za watoto wa watu, sijawahi kujiuliza upande wa ndani wa shati unahisiwaje.

Mengine nikayakumbuka nyuma yake: kwamba tangu anyonye hakupenda kushikwa kichwa, kwamba kunyolewa kwake kulikuwa kazi ya watu wazima wawili, kwamba hakula chochote chenye vipande. Alikula mtori, ndizi zilizopondwa na nyama. Asubuhi mtori, jioni mtori. Bibi yake alikuwa akicheka kwamba kijana amejifungua lini, maana kwetu mtori ni chakula cha mzazi.

Kwa hiyo ni usonji?

Usonji, Waingereza wanauita autism, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na kuchangamana na watu kwa namna tofauti. Huenda ndiyo, huenda siyo. Watoto wengi wenye usonji wana shida ya hisi, kiasi kwamba mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013 uliiweka miongoni mwa dalili zake. Lakini wapo wenye shida ya hisi wasio na usonji. Mwongozo huohuo haukulipa tatizo la hisi nafasi ya kuwa ugonjwa unaojitegemea, na mwaka mmoja kabla yake chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiliandike kama ugonjwa peke yake, watafute kwanza kuna nini nyuma yake.

Nasema haya kwa sababu utakutana na mtu atakayekuuzia jina la ugonjwa kwa dakika kumi. Anza na yaliyo wazi: apimwe masikio, macho, meno. Mtoto mwenye usaha sikioni anaziba masikio pia. Mtoto anayekodoa macho na kupotea kwa sekunde chache, kisha akarudi kama hakuna kitu, achunguzwe kifafa.

Niombe kwanza au niende hospitali kwanza?

Hili ndilo swali kubwa, na nililijibu vibaya kwa mwaka mzima.

Nilikuwa nasema, "Namngoja Bwana." Nikiulizwa na muuguzi wa kliniki kama mtoto anaongea sawasawa, nasema anaongea. Nikiulizwa na mwalimu wa shule ya Jumapili kwa nini anakaa chini ya benchi, nasema ana homa. Usiku naomba. Nilifunga siku saba. Na kweli niliamini kwamba ile ni imani.

Siku moja mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, aliyezaa kumi na kuzika watatu, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ungekuwa na uhakika hakuna mtu atakayekuona ukiingia pale hospitali, ungekuwa umeshakwenda?" Nilijua jibu kabla hajamaliza. Ilikuwa aibu. Nilikuwa nimeivika kanzu ya imani na nikaipa kiti cha mbele. Niliogopa kukutana na mteja kwenye benchi la kusubiria, aniulize nani anaumwa.

Mungu hakuwahi kunikataza kwenda. Mtume Paulo alitembea na Luka, na anamwita tabibu mpendwa. Sijasoma mahali alipomwambia aache kazi yake. Na sisi wa Moshi ndio tusio na udhuru kabisa. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, na shirika lililoianzisha linaitwa la Msamaria Mwema. Kisome tena kile kisa katika Luka 10. Yule Msamaria alitia mafuta, ni kweli. Akatia na divai, akafunga jeraha, akampandisha mtu kwenye mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili na kuahidi kulipia zitakazozidi. Wengi tumeishia kwenye mafuta.

Kwa hiyo omba, kisha uende. Au nenda huku unaomba. Mimi niliomba nikiwa kwenye daladala, macho wazi.

Mwombaji amesema mtoto ana pepo. Nimkatalie?

Nitakueleza yaliyonipata, kisha uamue.

Kabla ya yule mama mzee, ndugu alinipeleka kwenye mkesha mahali fulani. Sipataji. Mwanangu alikuwa na miaka minne na nusu. Spika zilikuwa sita, nilizihesabu kwa sababu alizihesabu yeye kwanza, akazionyesha kwa kidole akiwa ameng'ang'ania shingo yangu. Saa sita usiku tuliitwa mbele. Watu wazima wanne walimzunguka, mmoja anapaza sauti kwenye kipaza sauti juu ya kichwa chake, mwingine akammiminia mafuta utosini, palepale ambapo hata mimi sikuthubutu kupagusa kwa kitana. Alipiga kelele ambazo sijazisikia tena. Wakasema, mnaona, linapambana. Wakaongeza sauti. Akamng'ata mmoja, wakamshika mikono. Mwishowe alinyamaza, akawa kama nguo iliyolowa, na watu wakapiga makofi.

Alinyamaza siku nne. Hakusema neno hata la kuomba maji.

Leo najua kilichotokea: mtoto asiyevumilia sauti, kuguswa kichwa wala umati alipewa vyote vitatu kwa pamoja, na mama yake akiwa amesimama pembeni. Kilio chake kilikuwa na maelezo kamili bila pepo yeyote. Kwa hiyo ndiyo, mkatalie. Mwambie kwa heshima, "Mtumishi, niombee mimi, na mtoto muombee akiwa mbali, kimya." Anayekataa sharti hilo anajua mwenyewe anachokitafuta.

Na ikifika mahali mtoto anafungwa, anachapwa au ananyimwa chakula ili "atoke", hilo limeshakuwa kosa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakataza mtoto kuteswa na kutendewa kikatili, na haikuweka kando nyumba za ibada. Namba ya kupiga ni 116, bila malipo, Tanzania na Kenya pia.

Ni dhambi gani nilifanya?

Wanafunzi waliuliza hivyohivyo katika Yohana 9, nani alitenda dhambi, huyu kipofu au wazazi wake? Jibu lilikuwa kwamba si huyu wala wazazi wake. Mimi nimeshindwa kuelewa kwa nini kila Mkristo anaujua mstari huo na bado swali linaulizwa kila kilio kanisani.

Nabii amesema niache dawa za kifafa ili imani ikamilike.

Usiache. Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Dawa inapunguzwa na daktari aliyeiandika, taratibu.

Wakwe wanataka apelekwe kijijini akatambikiwe Desemba.

Kwetu Uchagani hili lipo, hata kwenye nyumba zenye picha ya Yesu sebuleni. Sikugombana. Nilimwambia baba mkwe, "Baba, mtoto ni wenu, lakini kuchinja na kelele za watu vitamuumiza, acha kwanza nimalize ya hospitali." Kumwambia mzee kwamba anachokiamini ni ushenzi hakutakusaidia, na bado utamhitaji awe babu. Baba mkwe huyohuyo ndiye aliyemfungia bembea kwenye mparachichi kwa kamba ya katani, tena bila kuulizwa.

Hospitali unaanzia wapi, na unamwona nani?

Anzia kliniki ya watoto ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, uombe rufaa. Unayemtafuta baadaye ni mtaalamu wa tiba kazi. Hospitali nyingine wanaita tiba kwa vitendo. Hawako wengi nchini, kwa hiyo usishangae ukiambiwa urudi mwezi ujao. KCMC kuna chuo cha fani hiyo. Dar es Salaam watu huenda Muhimbili na CCBRT. Kenya kuna vituo vya serikali vya kupima watoto kwa ajili ya elimu, vilivyoanza 1984, na mzazi anaweza kumpeleka mtoto mwenyewe. Kama una bima, uliza kabla ya kupanga foleni inalipia mahudhurio mangapi.

Nenda na karatasi. Andika kwa wiki moja: kilimkera nini, saa ngapi, alifanya nini, alitulia kwa nini. Karatasi yangu niliiandika nyuma ya vipimo vya gauni la bibi harusi, na mtaalamu aliisoma mara mbili.

Nilikwenda, wakambembeza na kumpa maharage achezee. Hiyo ni tiba?

Nilikasirika hivyohivyo. Nimefunga duka, nimelipa nauli, halafu dada mmoja anamzungusha mwanangu kwenye tairi. Nilidhani nitapewa dawa ya maji.

Baadaye alinieleza kama mtu anayemweleza fundi. Bembea inafundisha hisi ya mizani, na namna anavyobembea, polepole mbele na nyuma au kwa kuzungushwa, inaleta matokeo tofauti: moja inatuliza, nyingine inaamsha. Beseni la maharage linazoesha viganja kuguswa, mtoto akiwa ndiye mwenye kuamua aingize mkono hadi wapi. Kusukuma, kuvuta na kubeba kunaipa misuli na viungo kazi, na kazi hiyo ndiyo inayomtuliza mtoto kuliko maneno. Kanuni aliyonisisitizia ni kwamba mtoto asilazimishwe. Siku ya kwanza mwanangu aligusa harage moja kwa ukucha. Tulishangilia, kwa kunong'ona.

Nisikudanganye kuhusu matokeo. Utafiti wenyewe bado una mabishano, na mtaalamu mzuri atakuambia tupange lengo dogo, tujaribu kwa miezi michache, tuone. Lengo letu la kwanza lilikuwa kukata kucha bila kumshika kwa nguvu. Ilichukua kama miezi mitatu.

Nipo mbali na mji, hela hakuna. Nyumbani nifanye nini?

Hapa ndipo nina mengi, na karibu yote ni bure.

Kazi nzito ndogondogo. Kutwanga kwenye kinu ni tiba ambayo bibi zetu walikuwa nayo bila kujua: mikono, mabega, mgongo, vyote vinapata msukumo. Kukanda unga wa chapati, kukuna nazi, kusukuma ndoo ya maji sakafuni, kubeba galoni la lita tatu kutoka bombani. Tunafanya kabla ya jambo gumu, si baada ya kilio. Kabla ya kunyoa, anatwanga. Kabla ya kanisa, anabeba maji.

Kubanwa. Anayechukia kuguswa kidogokidogo mara nyingi anavumilia kushikwa kwa uzito. Kumpapasa shavuni kunamuudhi, kumkumbatia kwa nguvu kunamtuliza. Mtandike kitenge sakafuni, alale, umviringishe kama chapati, kichwa kikiwa nje na uso wazi, na akisema basi, ni basi. Mtoto mdogo mbebe mgongoni kwa khanga iliyokaza.

Nguo. Hapa nazungumza kama fundi. Toa lebo kwa wembe, lakini fumua uzi wote. Kikibaki kipande kigumu kinachoma kuliko lebo yenyewe. Fulana za ndani avae kwa kugeuza, mishono iwe nje. Hakuna sheria ya nchi inayokataza. Mtumba ni bora kuliko dukani, kwa sababu umeshafuliwa mara nyingi na ukakata makali. Sare mpya iloweke usiku, ifue mara tatu nne kabla ya kuvaliwa. Sweta la shule linakwaruza, kwa hiyo ndani yake weka fulana ya pamba ya mikono mirefu. Soksi zigeuze.

Kichwa. Tulianza kwa kumkandamiza utosi kwa kiganja, kwa uzito, kuhesabu mpaka kumi, kisha mkasi. Mashine ya kunyolea tuliiacha kwa sababu ya mlio. Kinyozi alipoona ninamleta saa moja asubuhi kabla redio haijawashwa, alielewa.

Kelele. Maduka ya vifaa vya ujenzi yanauza vizibo vya masikio vya mafundi, vile vya kuvaa kichwani. Vinasaidia kwenye harusi na sokoni. Asivae siku nzima, maana sikio likizoea kimya, kelele ndogo nayo inakuwa kubwa.

Chakula. Usimtie mkono mdomoni. Weka kipande kimoja cha kitu kipya pembeni mwa sahani na ukae kimya. Mtori wetu niliupunguzia kupondwa, kidogo kila wiki, mpaka siku moja kikapita kipande cha nyama na hakusema kitu. Mimi ndiye niliyeacha kutafuna.

Kanisani hatukai. Ananiaibisha. Nibaki nyumbani?

Nilibaki nyumbani Jumapili nyingi, nikasikiliza ibada redioni. Kilichonirudisha ni Eliya. Katika 1 Wafalme 19 amekimbia, amechoka, ameomba kufa, na Mungu hamwanzi kwa hotuba. Anamwacha alale, anamlisha, anamwacha alale tena. Kisha unakuja upepo, na Bwana hamo, tetemeko, hamo, moto, hamo, na baada ya moto ndiyo sauti ndogo ya utulivu. Nilisoma hapo nikiwa nimekaa na mtoto aliyeziba masikio, nikajiuliza ni nani kati yetu anayeelewa habari hii zaidi.

Nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza kwa mifano, siyo kwa majina ya magonjwa. Hakuwa na shida. Sasa tunasali ibada ya kwanza, ambayo kwetu ina kwaya moja na vyombo vichache. Tunakaa benchi la mwisho karibu na mlango wa pembeni, mbali na spika. Kwaya ikisimama, tunatoka mapema, tunazunguka mwerezi mara mbili, tunarudi kwenye neno. Mzee wa kanisa amempa kazi ya kukusanya vitabu vya nyimbo na kuvibeba mpaka kabatini. Vizito, na vinamtosha.

Kuna waliouliza kwa nini mtoto anatembeatembea ibadani. Mzee aliwajibu kwamba hata yeye angetembea kama magoti yangemruhusu.

Kuhusu kipaimara, bado ana miaka michache. Sina haraka. Mwinjilisti amesema kuna njia za kumfundisha mmojammoja, nami nimemwamini.

Mimi ni Mwislamu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, ila uyasikie kwa mwenye dini yako. Jirani yangu ana binti wa namna hii, asiyevumilia maji ya udhu usoni wala zulia la msikiti chini ya miguu. Shekhe wao alimkumbusha mambo mawili: kwamba mtoto hajafikia baleghe, hakuna anayemdai, na kwamba Mtume akisikia mtoto analia alikuwa akifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Na ile ya mtu aliyeambiwa amfunge ngamia kwanza, kisha ndiyo atawakali, yeye huitumia kila tukikutana kwenye foleni ya hospitali. "Nimekuja kufunga ngamia," anasema, na tunacheka.

Baba yake anasema nimemdekeza.

Wa kwangu alisema hivyo miaka miwili. Hakuna maelezo yaliyomgeuza. Siku moja nilimwomba ampeleke yeye kunyolewa, nami nikaenda sokoni. Aliporudi alikuwa amelowa jasho, mtoto amenyolewa nusu. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata aliuliza ile bembea ya kliniki imefungwaje.

Shuleni wanamchapa.

Nenda mwenyewe, usitume barua. Kengele ya shule yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, na darasa la mwanangu lilikuwa usawa wa mwembe. Kila ilipogongwa alikimbia, na kila alipokimbia alichapwa kwa utoro. Nilimwomba mwalimu jambo dogo: amwambie dakika moja kabla, na ampe madaftari ya darasa ayapeleke ofisini wakati huo. Wiki mbili baadaye hakuwa mtoro tena. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kukumbuka nadharia, lakini kazi moja ya kumtuma mtoto anaikumbuka. Akikataa kabisa, ongea na mkuu wa shule, kisha afisa elimu wa kata.

Uliwahi kumkasirikia Mungu?

Ndiyo. Hasa wakati wa shuhuda, mtu akisimama kueleza alivyoombea mwanawe akapona siku hiyohiyo. Zaburi zina watu waliomkasirikia kwa maneno makali kuliko yangu, na hawakufutwa humo. Kilichonisaidia zaidi kuliko aya ni usingizi. Mama asiyelala hana imani ya kutosha hata kuwasha jiko.

Kwa hiyo amepona?

Hajapona, kwa maana mnayoulizia. Anakula mtori, na anakula mambo mengine kumi na moja, ninayo orodha. Anavaa sare. Ananyolewa na mtu mmoja. Pikipiki isiyo na ekzosi bado inamlaza chini barabarani, na hilo linanitisha, kwa hiyo tunapita njia ya nyuma. Zamani niliomba, "Mwondolee." Siku hizi namtaja kwa jina, nataja lililo gumu kesho, mtihani au sindano au harusi ya mtu, nalala.

Unaweza kumshonea mwanangu sare isiyomkera?

Naweza. Usije na kitambaa kwanza. Niletee nguo moja anayoikubali kuliko zote, ile anayotaka kulala nayo, hata kama imetoboka kwapani na unaona haya kuitoa kwenye mfuko. Usiifue. Nitaigeuza ndani nje, niangalie mishono imekaa upande gani, kisha tutaanzia hapo.